Utetezi wa "adhabu ya kiasi" ukifutwa, mzazi anabaki na nini?

Tukizungumza na wazazi kuhusu sheria inayokataza kuwapiga watoto, swali la kwanza huwa lilelile: "Kwa hiyo nikimzaba mwanangu kofi, mtanifunga?" Swali hilo halitoki kwa mzazi katili. Linatoka kwa mzazi mwenye hofu, naye anastahili jibu la wazi.

Kumpiga mtu ni kosa la jinai karibu kila mahali. Mzazi alisalimika kwa sababu sheria nyingi zilimwachia utetezi: kwamba alikuwa akimwadhibu mwanawe kwa kiasi. Mara nyingi mageuzi hayatungi kosa jipya, bali yanafuta utetezi huo tu. New Zealand iliufuta mwaka 2007, Uskoti 2020, Wales 2022. Afrika Kusini ulifutwa na Mahakama ya Katiba Septemba 2019, katika kesi ya baba aliyempiga mwanawe wa miaka 13.

Kwa nini ufutwe? Kwa sababu hicho kiasi hakina mizani. Mtoto wa miaka minne amemwaga maji juu ya simu. Mama ametoka kazini, kichwa kinamgonga. Kofi la kwanza, mtoto anamkodolea macho tu. La pili linashuka kwa nguvu zaidi, kwa kuwa la kwanza "halikumwingia". Hapo aliyepima ni nani? Kilichopima ni uchovu. Laiti mama huyohuyo angemzaba jirani yake vile, asingekuwa na la kujitetea. Mwenye mwili mdogo kuliko wote nyumbani ndiye aliyelindwa kidogo kuliko wote, na kwangu mimi hilo halina utetezi.

Turudi kwenye kufungwa. Sheria ya New Zealand inasema waziwazi kwamba polisi wana hiari ya kutomshtaki mzazi ikiwa tukio ni dogo mno na mashtaka hayana manufaa kwa umma. Tena inamruhusu mzazi kutumia nguvu ya kadiri kumkinga mtoto na madhara. Kumvuta mkono asikimbilie barabarani si kumpiga. Sweden, nchi ya kwanza kupiga marufuku kuwachapa watoto, mwaka 1979, iliiweka marufuku hiyo katika sheria ya familia bila kuiambatanisha na adhabu yoyote, kisha ikachapisha ujumbe wake kwenye paketi za maziwa, ili wazazi na watoto wausome pamoja mezani.

Wapo watakaotukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, lakini methali hiyo haikutaja fimbo. Mtoto hulia pia akinyimwa anachokitaka, na mzazi asiyelegea mbele ya kilio hicho anamlea. Yule aliyemwaga maji apewe kitambaa afute, hata kama analia, na simu asiiguse tena siku hiyo. Mama naye, akihisi mkono unamwasha, atoke kwanza chumbani avute pumzi. Maji yaliyomwagika yatamsubiri.