Je, Matone ya Antioksidanti Yanaweza Kuzuia Mtoto wa Jicho?

Ute wa yai bichi hupitisha mwanga, lakini ukishapata moto hugeuka mweupe na haurudi tena ulivyokuwa. Jambo linalokaribiana na hilo, ingawa huchukua miaka mingi, hutokea katika jicho linalopata mtoto wa jicho. Lenzi, iliyo nyuma ya mboni, imejaa protini ziitwazo kristalini, na zile za katika kiini chake ni zilezile ambazo mtu alizaliwa nazo. Miale ya jua, moshi wa sigara, kisukari na uzee wenyewe huzalisha molekuli kali za oksijeni ambazo huziharibu protini hizo hadi zikashikamana na kuufifisha mwanga.

Lenzi haina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayoizunguka, na hujilinda kwa antioksidanti, yaani kemikali inayozima molekuli hizo kali, iitwayo glutathioni, ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Ndipo likaja wazo la matone: ikiwa kinga ya ndani inapungua, kwa nini isiongezwe kutoka nje? Si wazo la kipuuzi hata kidogo.

Kikwazo ni njia ya kufika huko. Tone moja huwa na takriban mililita 0.05, ilhali jicho hubeba kama 0.03 tu, ziada hutiririka shavuni au hupita katika mfereji wa machozi hadi puani, na ndiyo maana wengine huhisi uchungu wa dawa kooni. Kinachosalia huoshwa na machozi kwa dakika chache, na kwa kawaida sehemu isiyofikia asilimia 5 ndiyo inayopenya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho.

Matone yanayotangazwa zaidi ni ya antioksidanti iitwayo asetilikanosini. Watafiti wa Urusi waliripoti matokeo ya kutia moyo, lakini mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba matone hayo yanazuia wala kuondoa ugonjwa huu. Hata vidonge havikufua dafu: utafiti wa Marekani kuhusu magonjwa ya macho ya uzeeni, uitwao AREDS na uliochapishwa mwaka 2001, uliwafuatilia watu zaidi ya 4,600 kwa takriban miaka 6, na vitamini C, vitamini E na beta-karotini havikupunguza mtoto wa jicho.

Kuacha sigara na kuvaa miwani inayozuia miale ya jua kuna msingi imara zaidi kuliko chupa yoyote ya matone. Lenzi ikishafifia kiasi cha kumzuia mtu kusoma au kutembea usiku, tiba ni upasuaji: daktari huivunjavunja kwa mawimbi ya sauti, huifyonza kupitia tundu la milimita chache, kisha huweka lenzi bandia mahali pake.