Wati 75: kikomo cha grafiki kadi isiyo na waya wake

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Darajani, Unguja, na hata Chake Chake, Pemba, ni mitumba ya maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Kwa bei yake ni mashine za maana, ila ziliundwa kwa kazi za karani, si kwa gemu wala kuhariri video za harusi. Pawasaplai zake, yaani visanduku vya ndani vinavyoigawia mashine umeme, zinaonesha hivyo. OptiPlex 7010 ya umbo dogo ina wati 240, 9020 ya tawa (boksi kubwa la kusimama) ina 290, na 7050 ya umbo dogo ina 180 tu. Ukitaka kuitia grafiki kadi (kadi inayotengeneza picha za monita) mashine kama hiyo, usianze kuuliza kadi ipi ni kali. Uliza kwanza ni ipi itakayopata umeme wa kuitosha.

Grafiki kadi hupata umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni sloti ile ndefu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), PCIe x16, ambayo kwa kanuni yake hutoa wati 75 na hazizidi. Kati ya hizo, wati 66 hupita kwenye laini ya volti 12 (ampea 5.5) na karibu 10 kwenye laini ya volti 3.3. Njia ya pili ni waya unaotoka kwenye pawasaplai na kuchomekwa mkiani mwa kadi: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Mashine za ofisini kwa kawaida hazina waya huo kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiyo tia kadi ya wati 75", maana yake ni kadi inayoishi kwa umeme wa sloti peke yake. Mkiani haina tundu la waya, na haiuhitaji.

Sasa ifungue kompyuta usome kibandiko cha pawasaplai. Ile namba kubwa ya wati ni jumla ya laini zote, za volti 3.3, 5 na 12, na haikwambii mengi. Prosesa na kadi zote zinakula kwenye volti 12, basi tafuta ampea za +12V uzizidishe kwa 12. Pawasaplai isiyo na jina iliyoandikwa "500W", lakini +12V yake ni ampea 18, inatoa wati 216 tu pale panapohitajika. Pawasaplai ya Dell ya wati 240 inaweza kuwa bora kuliko hiyo, kwa sababu karibu nguvu yake yote iko kwenye volti 12. Ukikuta laini mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe tu. Kibandiko huwa na mstari unaosema zikiunganishwa zisizidi wati ngapi, na huo ndio wa kufuata.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukue 7010 yenye prosesa i5-3470, ambayo imepimwa wati 77. Mazabodi, RAM na feni tuzikadirie 35, na diski 10. Hapo pana 122. Ongeza kadi ya 75 ufike 197 katika 240. Zinabaki 43, na hizo zisikutie tamaa. Pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi imechoka, kapasita zake hazishiki kama mwanzo, na chumba chenye joto la Zanzibar bila kiyoyozi hakiisaidii. Ichukulie wati 40 hizo kuwa ni akiba ya uzee wake.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa 7050 ya wati 180 yenye i5-7500: 65, 35 na 10 ni 110, ukitia 75 inakuwa 185. Wapo wanaotia wakaona inawaka, kwa kuwa prosesa na kadi ni nadra kufika kileleni kwa pamoja. Itawaka, lakini siku ya kutoa video ya saa mbili, prosesa na kadi zikishika kazi pamoja, inaweza kuzima katikati. Hapo bora kadi ya wati 30 mpaka 50.

Boksi la kadi linaweza kuandikwa "pawasaplai iwe wati 300". Mtengenezaji hajui utaiweka kwenye mashine gani, basi anazidisha ili asije akalaumiwa. Ukishahesabu volti 12, hesabu yako ina uzito kuliko boksi.

Kwenye kadi zenyewe, GT 1030 inakula wati 30 na inatosha kwa video na gemu nyepesi, ila kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na kuna ya DDR4. Ya DDR4 ni dhaifu sana na jina ni lile lile, kwa hiyo soma boksi. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula 60. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ni 75, zote na GB 4, na hizi ndizo zinazoulizwa zaidi. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, ni wati 70 na ndiyo kali kuliko hizo zote. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo ni wati 130 na inataka waya. Hata 1650 na 1050 Ti zipo zilizoongezwa kasi kiwandani zikawekewa tundu la pini 6, kwa hiyo usinunue kwa jina; geuza kadi utazame mkiani.

RX 6400 ya wati 53 inavutia kwa udogo wake, lakini inatumia njia nne tu za data kati ya 16 za sloti ya PCIe. Kwenye mazabodi za zamani inapoteza kasi, na kwenye i5 za kizazi cha pili hasara inakuwa kubwa. Tena haina sehemu ya kusimba video (kuibana iwe faili), hivyo mhariri wa video aiache.

Kadi ambazo watu huzipita dukani bila kuzitazama ni zile za maofisi ya wachoraji: Quadro P620 (wati 40), P1000 (47), T600 (40), T1000 (50). Kwa AutoCAD na kuhariri video ni chaguo zuri, ni fupi, na nyingi huja na kibati kifupi (kile cha kufungia kadi nyuma ya kompyuta). Zinatoa picha kwa mini DisplayPort, kwa hiyo ulizia adapta zake hapo hapo kabla hujalipa.

Hilo la kibati linaangusha wengi. Mashine ya umbo dogo haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Inataka kadi ya kimo kifupi yenye kibati kifupi, na kadi ya mitumba mara nyingi imeshapoteza chake. Angalia pia unene. Katika baadhi ya mashine hizi sloti ndefu iko ukingoni, ubavuni mwa pawasaplai, na kadi nene ya nafasi mbili haiingii hata ukiilazimisha. Na si kila sloti ndefu inatoa wati 75: watengenezaji wengine wameipunguza kwenye umbo dogo, na mwongozo wa modeli yako unaitaja namba yake.

Usidanganyike na kigeuzi kinachochukua umeme wa plagi ya SATA kikautoa kwa pini 6. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimwa ampea 4.5, yaani wati 54, na tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inayeyuka polepole, kisha siku moja unasikia harufu. Kigeuzi kinachotumia plagi mbili za Molex (zile za zamani za pini 4) ni nafuu kidogo, lakini hakiongezi hata wati moja kwenye pawasaplai ndogo.

Kubadilisha pawasaplai nako kuna mtego. OptiPlex 7010 ya tawa ina plagi ya kawaida ya pini 24, basi pawasaplai ya dukani itaingia. 9020 ina pini 8 za Dell wenyewe, na HP nyingi za umri huo zina pini 6 kwenye mazabodi. Huko unahitaji waya wa kubadilishia, na kwenye umbo dogo hata boksi la pawasaplai ya kawaida halikai.

Umeme ukipungua dalili zake ni hizi: mashine inazima ghafla gemu linapopakia, au inajiwasha upya, au monita inakuwa nyeusi na feni zinaendelea kuzunguka. Usikimbilie kulaumu draiva. Kadi ikizidiwa na joto, nyuzijoto hupanda kwanza na gemu huanza kukwama. Umeme ukikosa, kila kitu hukatika papo hapo. Punguza kikomo cha nguvu ya kadi kwa programu ya MSI Afterburner mpaka asilimia 70, au funga gemu kwenye fremu 30. Mashine ikitulia, tatizo ni umeme. Ikiwa tangu mwanzo hakuna picha hata kidogo, tuhumu BIOS ya zamani (programu ya kuwashia iliyomo kwenye mazabodi) kabla ya pawasaplai: kadi mpya zinataka ya kisasa, UEFI, na mazabodi za mwaka 2011 kurudi nyuma nyingi hazizitambui.

Kadi nyingi hununuliwa Kariakoo zikaletwa kwa boti, na kuirudisha ni nauli na usumbufu. Mwambie muuzaji akutumie picha ya mkia wa kadi na ya matundu ya monita. "1050 Ti" yenye tundu la VGA itilie shaka, kwa sababu chipu halisi haitoi VGA. Zipo kadi kongwe zilizoandikwa upya BIOS zikapewa jina hilo, na baadhi yake zinakula zaidi ya wati 100. Programu ya GPU-Z huzifichua na huandika FAKE mbele ya jina.

Limebaki la umeme mdogo wa jioni. Pawasaplai iliyoandikwa 100–240V inavumilia volti 180, ila inavuta ampea nyingi zaidi na inapata moto, kwa hiyo usiiweke ukingoni mwa uwezo wake. Ile yenye swichi nyekundu ya 115/230 usithubutu kuipeleka kwenye 115 ati kwa vile umeme ni mdogo. Volti zikirudi 230 italipuka. Upande wa TUKUZA (umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar) huna la kuogopa: kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nne kwa siku, pamoja na kinachopotea ndani ya pawasaplai, inakula kama uniti 10 au 11 kwa mwezi.