Programu ikipisha wenzake, prosesa haipumziki

Hapa Dar vijana wengi wanaojifunza kuandika programu wanaamini kwamba ukiweka amri ya kupisha (yield, yaani kuachia programu nyingine zamu) ndani ya lupu, yaani kipande cha programu kinachojirudia, basi prosesa inapumzika. Ni rahisi kuamini hivyo, maana programu kweli inaachia zamu yake.

Ila kwenye Linux kupisha ni kurudi nyuma ya foleni tu, shedyula (sehemu ya mfumo inayogawa zamu za prosesa) inaangalia kama kuna mwingine aliye tayari, akiwepo anapewa zamu, asipokuwepo wewe huyohuyo unaendelea, kama foleni ya mwendokasi Kimara ukiwa peke yako, hata ukirudi nyuma bado ni wa kwanza. Ndo maana laptopu inachemka na chaji inakata haraka.

Jaribu mwenyewe: andika lupu ya Python inayoita os.sched_yield() bila kikomo, fungua pembeni top, programu inayoonyesha matumizi ya prosesa, utaona karibu asilimia 100 ya koa (core) moja ya prosesa. Washa kopi mbili kwa taskset -c 0, amri inayozifunga kwenye koa moja, zitagawana kama nusu kwa nusu. Sasa weka time.sleep(0.01), yaani lala sekunde 0.01, badala ya os.sched_yield(), matumizi yanashuka sana, kwa sababu programu imetoka kabisa foleni mpaka muda uishe. Na kama unasubiri data, bora zaidi usubiri kwenye soketi yenyewe (mlango ambao data ya mtandao inapitia), kerneli, yaani kiini cha Linux, itakuamsha data ikifika.