Kidonge Kimoja Zaidi cha Fenitoini

Imani ni ya siku nyingi: mgonjwa wa kifafa akiendelea kuanguka, mwongezee kidonge; kikizidi, mwili utakitoa. Kwa fenitoini, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1938 na ambayo wengi bado wanaitegemea, sivyo.

Ini ndilo linaloivunja dawa hii, na uwezo wake una kikomo. Mfikirie karani mmoja wa tiketi dirishani: watu wakiwa wachache, hakuna foleni, wakiizidi kasi yake hata kidogo, foleni inarefuka kutwa nzima. Ndiyo maana anayemeza miligramu 300 kwa siku, akipandishwa hadi 400, kiwango katika damu kinaweza kuongezeka maradufu. Kinacholengwa kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita.

Mwambie afuate kidole chako kwa macho: dawa ikizidi, mboni huchezacheza zikifika pembeni. Kisha anayumba, anapapasa ukuta akienda msalani, ulimi mzito. Nyumbani watasema kifafa kimepanda, wamwongeze kidonge kingine. Hili linaniuma sana, maana dawa ikizidi mno inaweza yenyewe kuleta degedege.

Kipimo cha damu nacho kisisomwe peke yake. Mwenye utapiamlo ana albumini kidogo, yaani ile protini ya damu inayoishika dawa hii, hivyo namba inaweza kuonekana nzuri huku dawa iliyo huru, isiyoshikwa, ikiwa nyingi. Ukiona dalili hizo, usiikatize dawa ghafla. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, pamoja na vidonge vyake.