Mzingile si lazima ukupoteze

Mara nyingi nikihariri tafsiri ambayo matini yake ya asili ina neno labyrinth, nakuta mtafsiri naye anazunguka: “njia za kuchanganya,” “jengo la kupotezea watu,” hata “njia panda nyingi.” Kumbe neno tunalo tangu zamani: mzingile. Kamusi za kale huliandika likiwa na mwenzake, mzingile-mwambiji, na kulipa maana mbili, njia ya kuzungukazunguka na fumbo.

Shina lake ni kitenzi zinga: kuzunguka, kuviringisha, kupinda. Ukoo huo ni mpana. Mto wenye mazingo ni ule unaopindapinda. Mzingo ni urefu wa mstari unaolizunguka duara. Jeshi likizingira mji, hakuna pa kutokea. Na mazingira, ambayo siku hizi hutufanya tuwaze miti na hewa, kwa asili ni vile tu vilivyotuzunguka. Kiishio -ile nakisoma kama masalia ya njeo ya kale, yaliyobaki pia katika umbile, kutoka umba. Umbile ni jinsi kitu kilivyoumbwa. Mzingile, basi, ni kitu kilichozingwa.

Angalia kisichokuwamo humo: kupotea. Neno la Kiingereza maze lilianzia kwenye kuchanganyikiwa, likaja kuwa jina la njia baadaye. Letu limeanzia kwenye umbo la njia yenyewe, halafu maana ya fumbo ikalifuata. Naona letu lina busara zaidi, ingawa nakiri napendelea.

Kwa sababu mizingile iko ya namna mbili. Ule uliochorwa kwenye sarafu za kale za Knossos, kisiwani Krete, mara nyingi ni wa njia moja: unapinda, unarudi nyuma, lakini ukiendelea kutembea utafika katikati. Ndivyo ulivyo pia ule wa sakafuni katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, wa karne ya 13. Upana wake ni kama mita 13, ila njia yake inapita mita 250. Humo hakuna njia panda hata moja. Ajabu ni kwamba katika hadithi ya kale ya Krete hiyohiyo, shujaa Theseus aliyeingia kwenye mzingile alihitaji uzi aliopewa na Ariadne, binti wa mfalme, ili aweze kutoka. Uzi wa nini, kama njia ni moja?

Namna ya pili ndiyo yenye njia panda na vichochoro visivyotokea upande wa pili. Nikitaka kuitofautisha, huandika “mzingile wa njia panda,” na msomaji huelewa bila tanbihi.

Wanaanatomia nao wana mzingile wao: mifereji ya sikio la ndani, ile inayotusaidia kusikia na kusimama bila kuyumba. Kwa urasimu wa ofisini pia neno hili linafaa, mradi uwe na uhakika kwamba mwisho wake kuna mlango.