Kontrasti katika mishipa ya sampuli: picha huonyesha dawa ilikofika

Figo iliyotolewa mwilini ikipigwa eksirei huonekana kama kivuli kimoja. Damu, ukuta wa ateri (mshipa unaoleta damu) na nyama inayouzunguka huzuia mionzi kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo mishipa haijitengi. Kuingiza kontrasti ni kuijaza mishipa hiyo kitu kinachozuia mionzi kwa nguvu zaidi, kwa kawaida chenye iodini, bariamu au madini ya risasi, ili ionekane nyeupe. Januari 1896, majuma machache tu baada ya Röntgen kugundua mionzi hiyo, Haschek na Lindenthal wa Vienna walijaza mchanganyiko wa chokaa, madini ya zebaki na petroli katika mkono uliotengwa na mwili, wakaupiga picha iliyochukua dakika 57.

Dawa za iodini zinazoyeyuka majini, zile wanazochomwa wagonjwa hospitalini, hazifai sana hapa. Baada ya kifo ukuta wa mshipa huanza kuvuja, dawa ikapenya kwenye nyama, na picha ikaingia ukungu. Ndiyo maana sampuli hujazwa chembe zilizochanganywa na jelatini inayoganda ikipoa, au dawa za iodini zilizo katika mafuta. Chembe za oksidi ya risasi kwa kawaida hazivuki kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, hubaki upande wa ateri. Sifa hiyo iliwafaa watafiti Taylor na Palmer, ambao mwaka 1987 walichora ramani ya ateri zinazolisha ngozi ya mwili mzima. Salfeti ya bariamu iliyosagwa laini hufika mbali zaidi na haina sumu ya risasi, kwa hiyo ndiyo ya kuanzia. Hakikisha kopo limeandikwa salfeti: kloridi na kaboneti ya bariamu ni sumu kali.

Tuchukue figo ya nguruwe au ya mbuzi. Iwe mbichi, na ateri iachwe ndefu wakati wa kukata. Funga kanula (mrija mwembamba) ndani ya ateri kwa uzi, kisha pitisha maji ya chumvi ya 0.9% yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yaliyopashwa hadi nyuzi 37–40, mpaka yanayotoka kwenye vena (mshipa unaotoa damu) yawe safi. Usiikatishe hatua hii kwa haraka, kwa sababu bonge la damu likibaki ndani, hakuna dawa itakayolipita.

Mchanganyiko: maji ya moto mililita 100, jelatini gramu 5, salfeti ya bariamu gramu 30 hivi. Yeyusha jelatini kwanza, ongeza unga kidogo kidogo, chuja kwa shashi, uweke kwenye maji ya nyuzi 40. Figo nayo iwe na joto hilohilo. Ikiwa baridi, jelatini huganda kwenye matawi ya kwanza na pembezoni kukabaki tupu. Koroga hadi dakika ya mwisho, maana bariamu hutuama.

Shinikizo liwe karibu na la damu, milimita 100 za zebaki. Chupa iliyoning'inizwa mita 1.1 juu ya figo hutosha, kwa kuwa mchanganyiko huu ni mzito kuliko maji. Bomba la sindano linalosukumwa kwa mkono hupita kiwango hicho bila mtu kuhisi. Mshipa hupasuka na picha huwa na madoa yenye kingo zilizotawanyika. Tawi lililokatwa linalovuja lifungwe mapema. Dawa ikianza kutoka kwenye vena, funga vena, kisha ateri. Weka sampuli kwenye friji usiku kucha, halafu kwenye fomalini ya 10%, dawa ya kuhifadhi sampuli, ambayo huifanya jelatini isiyeyuke tena. Piga picha kwa kilovolti (kV) 40 hadi 60. CT, eksirei inayoonyesha sampuli vipande kwa vipande, hutumika pale matawi yanapopishana.

Hatari kubwa kuliko zote ni hewa. Ateri za figo hazina njia za kuungana zinapofika ndani, kila tawi hulisha eneo lake peke yake. Kiputo kimoja kwenye kanula kikiziba tawi, kipande chenye umbo la kabari hubaki bila dawa, na kwenye picha hufanana kabisa na sehemu iliyokufa kwa kukosa damu. Kwa hiyo jaza mpira unaotoka kwenye chupa na kanula hadi mchanganyiko udondoke ndipo uunganishe, na picha isomwe kama ramani ya mahali dawa ilikofika. Mahali peusi si ushahidi kwamba hapana mshipa.

Ukitilia shaka pengo, kata sampuli hapo hapo. Njia ya mshipa iliyo tupu na safi, yenye jelatini nyeupe pande zote mbili, ni kiputo. Bonge jekundu la kahawia ni damu ambayo haikuoshwa. Kama jelatini imekoma ghafla na mbele yake mshipa umesinyaa, ama iliganda mapema au shinikizo lilikuwa dogo. Kovu au mafuta magumu ukutani ndiyo huonyesha kwamba figo yenyewe ilikuwa na ugonjwa.