Mchezaji wa ridhaa hakuwa mchezaji wa kubahatisha

Ukisikia "mchezaji wa ridhaa" unamfikiria karani aliyetoka ofisini, anakimbiza mpira ili apunguze kitambi. Kwenye kriketi ya zamani ya Uingereza haikuwa hivyo. Neno lilihusu mshahara na tabaka. Uwezo ulikuwa habari nyingine kabisa.

Mtazame Stanley Jackson. Mwaka 1905 alikuwa nahodha wa England dhidi ya Australia. Alishinda kura ya sarafu katika mechi zote 5, akapata mikimbio 492 (ndizo alama za kriketi), akaangusha wiketi 13, yaani akawatoa wapigaji 13, na akaongoza kwa wastani wa kupiga na wa kurusha pia. Mshahara wa kriketi hakupokea. Ila hakuwahi kuichezea England nje ya nchi, maana shughuli zake nyumbani zilimbana. Baadaye akawa mbunge, kisha gavana wa Bengal kuanzia 1927 hadi 1932.

Wa kulipwa walikuwa na chumba chao na mlango wao. Hata kadi ya matokeo iliwabagua: herufi za majina yao ziliwekwa nyuma ya ukoo. Safari moja pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London, kipaza sauti kilitangaza sahihisho: F. J. Titmus asomeke Titmus, F. J. Kijana alikuwa wa kulipwa, basi!

Na usidhani ridhaa ilimaanisha mikono mitupu. W. G. Grace, daktari na mchezaji wa ridhaa, alivuna pesa nyingi kwa jina la posho na michango. Mgawanyo huo wa ridhaa na kulipwa ulifutwa mwishoni mwa 1962.